Bibi Shamba na Mvua za Mlima Meru

Siku niliyoripoti kazini Arusha mvua ilikuwa inanyesha. Niliingia ofisi ya kilimo ya wilaya viatu vimeloa, vyeti vyangu nimevifunika kwa kanga, nikasimama mbele ya meza ya Afisa Kilimo wa Wilaya. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniuliza:

“Hii mvua imeanzia wapi?”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Sijui, mzee. Nimeikuta njiani.”

“Imeshuka kutoka mlimani au imepanda kutoka bondeni?”

“Sijui, mzee.”

“Mkulima wa kahawa angejua. Kesho uje ukijua.”

Nilitoka pale nimenywea. Baadaye nilielewa alichokuwa anatafuta. Kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru, mvua ya mlimani ni manyunyu ya kutwa nzima yanayokuja na ukungu na baridi, na hayo ndiyo huleta magonjwa ya kahawa. Mvua ya bondeni ni nzito, hupiga kwa muda mfupi, ikaondoka na udongo. Mtu asiyejua tofauti hiyo hawezi kumwambia mkulima lini apige dawa na lini asafishe mitaro yake.

Nilikuwa msichana wa Machame, nimemaliza chuo cha kilimo, na nilipangiwa kata moja ya juu ambako nyumba zilijificha ndani ya migomba na mibuni mpaka uzisikie kabla ya kuziona. Kimeru na Kimachame ni ndugu, kwa hiyo nilielewa mengi tangu wiki ya kwanza, ingawa kina mama walinicheka lafudhi yangu. Hawakuniita kwa jina langu, Aika. Waliniita Bibi Shamba, na wengine mpaka leo hawajui jina langu ni nani.

Kazi ilianza asubuhi kwenye uwanja wa chama cha msingi, yaani ule ushirika wa kijiji uliokusanya kahawa. Hapo ndipo kilipokaa kipima mvua, chombo cha bati chenye mdomo wa duara, na ndani yake chupa. Unamimina maji yaliyokusanyika kwenye glasi yenye mistari ya milimita, unasoma, unamwaga. Halafu unapanda juu kwa miguu, shamba hadi shamba.

Mwaka wa kahawa ulikuwa na utaratibu wake, na sisi tuliufuata kama watu wanavyofuata kengele ya kanisa. Kiangazi kikavu kiliiacha mibuni na vichipukizi vya maua vimefumba, vimelala. Mvua ya vuli ikipiga vizuri, vile vichipukizi vinaamka vyote pamoja, na baada ya wiki hivi mteremko mzima unageuka mweupe. Harufu yake ilifika mpaka barabara kuu. Nimeishi sehemu nyingi tangu wakati ule, lakini sijawahi tena kunusa kitu kama kile. Masika ilijaza buni. Kisha kikaja kipupwe na ukungu wake, na hapo ndipo tulipigana na chulebuni, ugonjwa unaoweka doa jeusi kwenye buni changa na kuiozesha ikiwa bado juu ya mti. Dawa yake ilikuwa mrututu, ile ya rangi ya bluu. Ushirika uliileta kwa wakati, na watu wote walipiga wiki moja, ili ugonjwa usife kwa huyu ukabaki umejificha kwa yule. Wiki hiyo majani yalikuwa ya bluu, mashati yalikuwa ya bluu, na Jumapili ungeona wazee wameshika vitabu vya nyimbo kwa kucha za bluu.

Shamba nililolipenda kuliko yote lilikuwa la Mzee Sifaeli na mkewe, Mama Anande. Sehemu ya juu, karibu na nyumba, ilikuwa tambarare. Kutoka hapo ardhi ilianguka kwa ukali mpaka kwenye korongo lenye kijito. Mibuni ile Mzee aliipanda na baba yake, chini ya kivuli cha miti ya mringaringa, naye alikuwa akipita katikati yake mikono nyuma, kimya. Mama Anande hakuwa mtu wa kimya. Ndiye aliyepalilia, ndiye aliyetandaza majani ya migomba chini ya mibuni ili udongo usikauke, ndiye aliyechuma. Lakini kahawa ilikuwa zao la mwanamume. Ikifika siku ya kuuza, Mzee ndiye aliyevaa koti.

Kisha yakaja mageuzi ya soko huria. Sisi wa ofisini tuliyasikia kwanza kwenye semina, kwa maneno makubwa. Wakulima waliyasikia kwa kukosa mrututu. Ruzuku iliondolewa, ushirika ukadhoofika, dawa ikahamia madukani mjini. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao hadi mlangoni, na mwanzoni watu walifurahi. Lakini hakuna aliyejali tena wiki ya kupiga dawa. Aliyeweza kununua alipiga, jirani yake hakupiga, na chulebuni ikawa inavuka ua bila wasiwasi. Ofisini nako watumishi walianza kupunguzwa. Kila mwezi tuliona meza nyingine imebaki tupu, na tukaacha kuulizana zamu ya nani inafuata.

Lingetosha hilo, lakini na mvua nayo ilibadilika. Mwaka mmoja vuli ilikuja kwa kudonoa. Manyunyu leo, kisha jua. Wiki mbili baadaye manyunyu tena. Kwa mtu wa mjini mvua ni mvua. Kwa mbuni ule ulikuwa mkanganyiko mtupu, kwa sababu kila manyunyu yaliamsha maua machache na kuyaacha mengine yamelala. Mteremko haukuwa mweupe hata siku moja. Ulikuwa na mabaka. Maana yake buni ziliiva vipande vipande, na mti ambao mama angeuchuma mara chache ilibidi aurudie wiki baada ya wiki, akitafuta nyekundu moja katikati ya kijani. Mama Anande aliniambia mgongo wake umeanza kuzungumza naye.

Wakati huohuo nyanya zilikuwa zinapanda bei. Upande wa mashariki, kuelekea Momela, vijana walikuwa wanajaza malori yaliyopita Sakina, pembeni mwa mji, na kushika barabara ya Nairobi. Jirani wa Mzee Sifaeli, kijana aitwaye Godluck, aling'oa mibuni yote ya marehemu babake, akakata na miti ya kivuli, akapanda nyanya kutoka juu hadi korongoni, mistari ikishuka moja kwa moja na mteremko. Nilimweleza kwamba mistari ya namna hiyo ni mifereji ya kuondoa udongo. Aliniitikia kwa heshima, “Sawa, Bibi Shamba,” akaendelea kupanda.

Asubuhi moja nikasikia sauti za watu kwa Mzee Sifaeli. Nilipofika, Mama Anande alikuwa na sururu mkononi na mbuni mmoja uko chini mbele yake, mizizi juu. Mzee alikuwa amesimama hatua chache, amekunja mikono, uso umekuwa kama wa mtu aliyepigwa.

“Bibi Shamba, umekuja wakati mzuri,” Mzee alisema. “Mwambie. Mwambie kung'oa kahawa ni kosa.”

Ni kweli tulikuwa na agizo hilo kazini. Afisa Kilimo wa Wilaya alikuwa ametuambia wazi kwamba kata itakayong'oa mibuni, bibi shamba wake ajitafutie kazi nyingine.

“Ni kosa, mama,” nikasema.

Mama Anande hakunifokea. Aliegemea sururu akaniangalia. “Kosa kwa nani? Mwaka huu nimezunguka miti hii mpaka nimejua kila tawi. Dawa hakuna. Mvua haieleweki. Watoto hawali kahawa, mwanangu. Nataka kipande ambacho nikipanda kitu, nikivune mwenyewe, nijue kimetoka kwangu.”

“Na baba yangu?” Mzee akauliza. Alisema polepole sana. “Baba yangu nimwambie nini?”

Mimi nilikuwa na miaka michache kazini na hapo mbele yangu palikuwa na watu wawili, wote wana haki. Nikawaomba wasubiri. Nilirudi na fremu yangu, miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, katikati uzi wenye jiwe. Ukiitembeza ardhini, jiwe likitulia katikati, basi miguu miwili ya fremu iko usawa mmoja, na hapo unachomeka kigingi. Ukiunganisha vigingi unapata kontua, mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka. Nilipima shamba lote mpaka jioni. Mama alinishikia vigingi. Mzee alikaa mlangoni.

Kisha nikawaambia ninavyoona. Sehemu ya tambarare karibu na nyumba ingeweza kubeba nyanya na mboga bila kudhurika. Mteremko usiguswe, mizizi ya mibuni na mringaringa ndiyo iliyoshika ule udongo. Pale sehemu mbili zinapokutana, na tena katikati ya mteremko, tuchimbe fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu ukawa tuta, na juu ya tuta tupande mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe.

Mzee aliinuka akamwendea mkewe akachukua ile sururu.

“Nitaing'oa mimi,” alisema. “Haitang'olewa na mtu mwingine.”

Na ile ya tambarare aliing'oa mwenyewe, siku kadhaa, mmoja mmoja. Mama Anande hakuimba wala kupiga kigelegele. Alimpelekea chai shambani na kukaa naye mpaka amalize kunywa. Nilipopita siku ya mwisho nilimkuta Mzee anapanga vigogo vya mibuni ubavuni mwa nyumba, kwa uangalifu, vikubwa chini na vidogo juu. Niligeuza uso, maana alikuwa analia.

Habari ilifika wilayani kabla yangu. Niliitwa.

“Nani kakuruhusu?” Afisa Kilimo wa Wilaya aliuliza.

“Nimeruhusu mimi, mzee. Ni sehemu ya tambarare tu. Ningekataa, wangeng'oa shamba zima kama jirani yao.”

“Unajua watu wanaondolewa kazini hapa kwa makosa madogo kuliko hayo?”

“Najua, mzee.”

Alivua miwani akaifuta kwa pembe ya shati. “Rudi kazini. Mvua zikiisha nitakuja kuona mwenyewe. Nikikuta umeharibu shamba la mtu, usirudi hapa kuniamkia.”

Mwaka huo ndio ulikuwa mwaka wa ile mvua kubwa ambayo kila mtu aliiita El Nino. Redio ilitangaza mapema kwamba vuli itazidi kipimo. Tulitumwa kuwaambia wakulima wasafishe mitaro na wasilime kwenye kingo za makorongo. Lakini msimu uliotangulia redio hiyohiyo ilikuwa imesema mvua itatosha, watu wakapanda mahindi mara mbili na yote yakakauka. Kwenye mkutano wa kijiji walinicheka. Mzee mmoja alisema nimwambie yule wa redio aje kulima naye. Aliyesimama upande wangu alikuwa Mama Anande.

“Mtaro hauli chakula,” aliwaambia. “Mvua isipokuja, utakuwa umechimba shimo. Ikija, je?”

Wachache walichimba. Yeye na Mzee walikuwa wa kwanza, kwa mara ya kwanza nikiwaona wanafanya kazi bega kwa bega shambani.

Mvua ikaja, na haikukoma. Ilikuwa ya mlimani na ya bondeni kwa pamoja, ukungu asubuhi na mafuriko mchana. Asubuhi moja nilikuta kipima mvua kimejaa mpaka kinamwagika, kwa hiyo sikuwa na kitu cha kusoma. Nilivaa koti la mpira nikapanda juu. Nilipopita kwa Godluck nilisimama ghafla. Katikati ya shamba lake, juu kidogo ya nyumba, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa mrefu, umekata mistari ya nyanya kwa upana, na maji yalikuwa yanaingia ndani yake bila kutokea popote.

Godluck alikuwa chini ya kibanda anapanga nyanya kwenye matenga. Mkewe, Neema, alikuwa ndani na mtoto mchanga.

“Godluck, tokeni hapa sasa hivi,” nikamwambia. “Mlima unakuja.”

“Lori linakuja, Bibi Shamba. Linafika mchana. Nikiziacha, zinaoza.”

“Njoo uone ufa.”

“Nimeuona tangu jana. Ni mvua tu.”

Nilimsihi. Hakuwa mkaidi kwa ubaya. Jasho lake lote la mwaka lilikuwa ndani ya yale matenga. Nikakimbia kwa Mzee Sifaeli. Wale watu wawili walikuwa hawajasalimiana tangu siku Godluck alipokata miringaringa ya mpakani. Nilimweleza Mzee kwa maneno machache, huku nahema. Alitoka bila kofia, akateremka kwenye matope akishika mashina ya kahawa moja baada ya jingine, na mimi nyuma yake.

Godluck alipomwona alisimama wima. “Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Mzee alimpita akaenda moja kwa moja mlangoni. “Neema, nipe mtoto, mwanangu.”

Neema alimtazama mumewe, akamtazama Mzee, kisha akamkabidhi. Mzee alimfunika mtoto ndani ya koti lake, akageuka kuanza kupanda. Neema akajitupia kanga na kumfuata. Godluck alibaki na tenga mkononi.

“Baba, nyanya zangu,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mzee hakusimama. “Utapanda nyingine. Njoo.”

Sijui kama ni yale maneno au ni kumwona mwanawe anaondoka. Aliliweka tenga chini, taratibu, kama lina mayai, akatufuata.

Tulikaa jikoni kwa Mama Anande tunakausha nguo. Alitupikia uji. Mchana, mvua ikiwa imepungua kidogo, tulisikia mlio ambao sijui niuelezeje. Si radi, ni kama lori kubwa linalomwaga mawe na haliishi kumwaga. Tulipotoka nje, mteremko wa Godluck haukuwepo. Nyanya, matenga, kibanda, nyumba, vyote vilikuwa korongoni chini ya tope jekundu. Neema alipiga magoti pale pale. Godluck hakulia. Alimwendea Mzee Sifaeli akamshika mkono kwa mikono yake miwili, na walikaa hivyo mbele yetu sote, wameloa.

Upande wa Mzee mstari wa mwisho wa mibuni, ule wa karibu na kijito, ulikwenda na maji. Mingine yote ilisimama. Mitaro ilijaa udongo, mabingobingo yalilala kifudifudi, lakini ardhi ilikuwa pale.

Nisije nikawadanganya vijana mkadhani tulishinda. Nyanya za Mama Anande kule tambarare ziliozeshwa zote na baka jani, ugonjwa wa majani unaopenda unyevu, tukazifukia. Kahawa nayo ilipigwa na chulebuni kiasi kwamba hapakuwa na cha kupeleka popote. Ule ulikuwa mwaka wa njaa kata nzima. Tofauti ilikuwa kwamba kuna waliobaki na pa kupanda, na kuna ambao hawakubaki napo. Godluck na mkewe waliishi nyumba ya nyuma ya Mzee kwa misimu kadhaa, na Mzee akampa kipande cha kulima karibu na nyumba. Kabla ya hapo alimwambia, mimi nikiwepo: “Kamuulize Mama Anande. Kule juu ni kwake.” Mama Anande alikuwa anapepeta maharage. Aliacha kidogo kupepeta, kisha akaendelea.

Afisa Kilimo wa Wilaya alikuja kama alivyoahidi. Alisimama ukingoni mwa lile shimo jekundu, akageuka akatazama mibuni ya Mzee, akatazama tuta.

“Huu mstari alipima nani?”

“Mimi, mzee.”

“Kesho ukapime kata ya jirani. Bibi shamba wao ameondolewa.”

Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, na ilinijia pamoja na kazi ya watu wawili.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Momela, kwenye kivuli cha mvua, ambako mlima unazuia mawingu na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Huko shida ilikuwa kugawana maji ya mfereji, na nilikaa vikao vingi chini ya jua na wazee wakigombea zamu. Miaka yangu ya mwisho nilikaa ofisini mjini, nikiwa nimekalia kiti kama kile nilichokikuta siku ya kwanza, nikiwapangia kazi vijana wachache kwenye kata nyingi. Nilistaafu nikiwa na afya, namshukuru Mungu, nikajenga Sekei, hapo hapo mjini.

Mzee Sifaeli na Mama Anande wote wametangulia. Kahawa imebaki kidogo. Sasa watu wanapanda maparachichi. Vuli inachelewa, au inakuja mapema, au haiji kabisa, na mimi niliyesoma mvua maisha yangu yote siwezi kuwaambia itaanza lini. Nikikaa na wenzangu wastaafu tunazungumzia ile wiki moja ya mteremko mweupe, na vijana wetu wanadhani tunatia chumvi.

Juzi alikuja kwangu binti mmoja, ofisa ugani mpya wa kata ileile. Walimwambia ofisini kwamba kuna mama Sekei aliyewahi kufanya kazi huko. Ana simu yenye picha za mawingu kutoka angani, na anajua mambo mengi ambayo sisi hatukuyajua. Tulizungumza sana kuhusu udongo na maparachichi. Alipokuwa anaaga akasita mlangoni.

“Mama, kitu kimoja. Wananiuliza wapande lini. Nikikosea je?”

“Utakosea,” nikamwambia. “Mvua yenyewe siku hizi inakosea. Lakini ukishawaambia, usikae ofisini kusubiri taarifa. Mvua ikianza, panda juu, uwe nao.”

Aliitikia, akanishika mikono, akaondoka kuwahi gari la kurudi kata. Alikuwa ametoka shambani, na viatu vyake viliacha matope mekundu barazani, hatua kwa hatua mpaka kwenye geti. Mjukuu wangu alileta ndoo na tambara. Nikamwambia ayaache kwanza.